Kanisa la Ikulu, Ngoma Yetu, na Swali Lililoninyamazisha

Wacha nianze kwa kukiri. Nilikuwa mnafiki kwa muda wa kama miezi mitatu, na aliyenikamata ni beshte yangu wa tangu shule.

Ilikuwa hivi. Julai 2025 habari zilitoka kwamba kuna kanisa linajengwa ndani ya Ikulu, Nairobi. Daily Nation wakaonyesha michoro: kanisa kubwa, la watu 8,000. Mtandao ukawaka. Rais Ruto hakukana. Alisema anajenga kwa pesa zake mwenyewe, kwamba alipoingia pale alikuta kanisa la mabati, na kwamba hataomba msamaha kwa mtu yeyote. Muda si muda, mashirika ya kiraia yakaenda Mahakama Kuu.

Mimi nikashika simu, nikatoka nje hapa Garsen saa ile jua la jioni linafanya kila mtu aonekane mrembo, nikarekodi video ya dakika mbili. Nilikuwa nimejiamini kama wakili.

Nilisema mambo matatu. Moja, Ikulu si shamba la mtu. Nyumba ile ilijengwa 1907 kwa ajili ya gavana wa kikoloni, wakakaa magavana, wakaja marais, wote wapangaji. Ukipanga nyumba, hujengi kanisa uani halafu ukasema pesa ni zangu. Mbili, Katiba yetu kifungu cha 8 ni sentensi fupi ambayo hata mtoto wa darasa la nne ataishika: nchi hii haina dini ya taifa. Tatu, hata kama Wakristo ni wengi, na mimi ni mmoja wao, mali ya umma haigawanywi kwa kuhesabu vichwa.

Nikamaliza na maneno makali: "Ukitaka kumjengea Mungu, nunua ploti." Hiyo ndiyo sentensi iliyotembea. Watu waliikata, wakaiweka muziki, wakaisambaza. Kwa siku mbili nilikuwa mtu maarufu kidogo. Shangazi yangu wa kanisani aliacha kunisalimia, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Siku ya tatu nikapata ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Rafiki yangu. Yeye ni Muorma, mimi ni Mpokomo. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, hata kicheko kidogo ndani yake:

"Dadangu, nimeona video yako. Nzuri. Sasa niulize tu. Na ile ngoma yenu?"

Basi. Sekunde kumi na tano hazikufika. Nikakaa chini.

Kwa wale mnaonifuata tangu juzi, wacha niwaeleze. Wapokomo tulikuwa na ngoma inayoitwa Ngadji. Ukisikia ngoma usifikirie ya harusini. Ngadji ilikuwa kitu kitakatifu, mamlaka na ibada ya jamii kwa pamoja. Ilifichwa msituni, na wazee walioapishwa, Kijo, ndio peke yao walioiona. Wengine waliijua kwa mlio tu. Maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1900, na tangu 1908 iko British Museum, London. Haijawekwa hata kwenye kioo watu waione, iko ghalani. Wazee wetu waliokwenda kuitazama miaka ya karibuni walipelekwa ghalani kama watu waliokwenda kutambua mwili.

Sasa, Aprili ile ile ya 2025, nilikuwa nimeposti kuhusu Ngadji. Nikadai irudi. Na sikuishia hapo. Nilisema serikali ya kaunti itoe ardhi pale karibu na njia panda ya Minjila, pale magari ya Malindi, Lamu na Hola yanapokutana, ijengwe nyumba kubwa ya Ngadji, kila msafiri aione, ajue amefika kwa Wapokomo.

Unaiona shida? Aprili nataka ardhi ya umma ipewe kitu kitakatifu cha watu wangu. Julai namwambia Rais anunue ploti.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kujitetea. Nilimwandikia ujumbe mrefu, ule wa kubonyeza "soma zaidi". Nikamwambia hizi ni kesi mbili tofauti. Kanisa la Ikulu halikuibiwa na mtu. Ngadji iliibiwa na serikali, kwa nguvu, na wabebaji walikuwa na bunduki. Serikali ikikuibia kuku, ikikurudishia kuku na kibanda, hiyo si upendeleo, hayo ni malipo.

Nikamtajia na Kaya za Wamijikenda kule Kilifi na Kwale. Ile ni misitu mitakatifu, na serikali ilianza kuitangaza kuwa makumbusho ya taifa miaka ya 1990, halafu 2008 UNESCO ikaziingiza Kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hakuna aliyelia kwamba serikali imeanzisha dini. Kwa nini? Kwa sababu utakatifu ulitangulia. Wazee walikuwa wanaomba pale kabla hakujawa na kitu kinaitwa Kenya. Serikali haikupanda kitu, ilizungushia ulinzi kilichokuwepo.

Na bado naamini hoja hiyo ina nguvu. Kuna tofauti kati ya serikali kuilinda ibada iliyoikuta na serikali kuileta ibada mpya mahali pa wote. Ukilipima kanisa la Ikulu kwa mizani hiyo, linaanguka. Ndiyo, kuombea Ikulu si jambo jipya, na kwenye kambi za jeshi, magereza na hospitali kuna makanisa na misikiti midogo. Lakini pale kuna sababu inayoeleweka: mfungwa hawezi kutoka aende kusali mjini. Mgonjwa hawezi. Askari wa zamu hawezi. Chumba cha kusalia kinamfuata mtu aliyefungwa na kazi au ukuta. Jengo la watu 8,000 halimfuati mtu yeyote. Linawaita watu waje walione.

Rafiki yangu alisoma yote. Akajibu: "Sawa. Njoo tunywe chai."

Tukakutana mjini, kwenye kibanda kimoja cha chai ya maziwa na mahamri. Joto la Garsen mnalijua, saa kumi jioni feni inasukuma tu hewa moto kutoka kona hii kwenda ile. Hakuanza na ngoma. Alianza na shule.

Tulisoma shule moja ya upili, ya umma, ambayo mfadhili wake ni kanisa. Siitaji jina, na si muhimu, ziko nyingi za namna hiyo. Kwenye uwanja wa paredi kulikuwa na msalaba mkubwa wa saruji, umepakwa chokaa nyeupe. Tulipanga mistari tukiuelekea.

"Unaukumbuka ule msalaba?" akaniuliza.

Nikafikiri. Kusema ukweli, ilibidi nifikiri. Nikasema, "Ule wa karibu na mlingoti?"

Akacheka. "Unaona? Wewe ulikuwa unaona mlingoti, na karibu yake kuna msalaba. Mimi nilikuwa naona msalaba, na karibu yake kuna mlingoti."

Miaka minne tulisimama mstari mmoja, tukitazama upande mmoja, na tuliona vitu viwili tofauti. Mimi sikuwahi kuuona ule msalaba kwa sababu ulikuwa wangu. Kitu chako hukioni, kama usivyosikia harufu ya nyumba yenu. Yeye aliuona kila asubuhi. Hakuuchukia, hakuna aliyemlazimisha kuuinamia. Ila kila asubuhi ulimkumbusha kwamba amekaribishwa pale, na mgeni hata akikaribishwa vizuri namna gani bado anajijua ni mgeni.

Na hiyo ilikuwa shule ya umma. Mamake na babake walilipa kodi kama wangu.

Jambo hili si la shule yetu peke yake. Pengine mnaikumbuka ile kesi ya Isiolo, shule ya St. Paul's Kiwanjani, shule ya umma inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Wasichana Waislamu waliomba kuvaa hijabu. 2016 Mahakama ya Rufaa ikasimama nao. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi ule, na sababu ilikuwa ya utaratibu: ombi halikuwa limefikishwa mahakamani kwa njia inayofaa. Kwa hiyo swali kubwa, kwamba mahali pa umma penye alama za dini moja ni pa nani, likabaki limening'inia hewani. Na swali likining'inia, anayelibeba ni mwanafunzi.

Tulipofika kikombe cha pili ndipo akasema lile alilonijia nalo.

"Hiyo ardhi ya Minjila unayotaka wapewe ngoma. Unajua ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Ya serikali," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Babu yangu alikuwa anapitisha ng'ombe huko akielekea mtoni wakati wa kiangazi. Wewe ukisema ya serikali, mimi nasikia ya nani asiyeulizwa."

Kama hutoki huku, hii sentensi inaweza kukupita. Basi nikuambie. Mto Tana ni mmoja, na sisi ni wengi. Sisi Wapokomo tunalima kando ya mto. Waorma na Wardei wanafuga, na ng'ombe lazima wafike majini. Njia zile za mifugo kwenda mtoni zinaitwa malka. Kiangazi kikiwa kikali, malka ikikutana na shamba, ndipo mambo huharibika. Mwaka 2012 yaliharibika vibaya. Tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, Waorma, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10, Kilelengwani, wakafa wengine zaidi ya 30, wakiwemo askari polisi. Katikati kulikuwa na kisasi juu ya kisasi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulilala kwenye sakafu ya darasa na familia nyingine kumi na kitu, na mama alitukataza kuongea Kipokomo kwa sauti usiku. Rafiki yangu alikuwa na miaka tisa pia, upande wa pili wa hofu hiyo hiyo. Hatukujuana wakati ule. Tulipojuana kidato cha kwanza, ilituchukua mwaka mzima kuulizana, "Wewe ulikuwa wapi?"

Kwa hiyo aliponiuliza kuhusu Minjila hakuwa anatania. Nyumba kubwa ya Ngadji njia panda, kila msafiri ajue amefika kwa Wapokomo. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe, video ipo. Sasa isikilize kama Muorma. Isikilize kama Mgiriama aliyehamia na anauza nguo sokoni, kama Mbajuni, kama Mmunyoyaya wa kule juu. Amefika kwa Wapokomo. Manze, nilikuwa nasimamisha mpaka nikiuita urithi.

Kuna msalaba mmoja Marekani, mji wa Bladensburg, jimbo la Maryland. Una urefu wa kama mita 12, uko kwenye ardhi ya serikali, na kwa bahati tu uko makutano ya barabara, kama Minjila yangu. Ulisimamishwa 1925 kuwakumbuka wanaume 49 wa eneo lile waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu walishtaki wakitaka uondolewe. 2019 Mahakama ya Juu ya kule ikaamua ubaki, majaji saba kwa wawili. Sehemu kubwa ya hoja yao ilikuwa umri: kitu kikikaa karibu miaka mia, kinabeba maana nyingi kuliko ile ya mwanzo, na kukibomoa kunaweza kuonekana kama vita na dini yenyewe.

Naielewa hoja hiyo. Hata ule msalaba wa shule yetu sitaki ubomolewe na tingatinga, watu wangelia na wangekuwa na haki ya kulia. Lakini hoja ya umri inasaidia vitu vya zamani tu. Haimsaidii Rais mwenye michoro mipya, na hainisaidii mimi na video yangu ya Aprili. Kinachojengwa leo, kinajengwa mbele ya majirani walio hai, wenye midomo ya kuulizwa. Kutowauliza ni uamuzi.

Sasa kuna kitu kimoja cha pale paredi ambacho sote wawili tulikuwa nacho. Wimbo wa taifa.

Wengi hamjui, au mmesahau: ile tuni imetoka kwetu. Ni wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Mzee Meza Galana wa huku Tana River ndiye anayetajwa kuutoa, na tume ya wanamuziki watano, akina Graham Hyslop, Thomas Kalume na wenzao, wakautengeneza ukawa tayari kwa uhuru wa 1963. Na ukisikiliza maneno yake, ule wimbo ni sala. Unaanza kwa kumwomba Mungu. Hata Katiba ya 2010 utangulizi wake unamtaja Mungu. Kwa hiyo anayesema dini isionekane kabisa kwenye mambo ya serikali Kenya, amechelewa. Tunaomba kila Jumatatu na Ijumaa, bendera ikipanda.

Lakini fikiria. Rafiki yangu aliimba. Mimi niliimba. Hakuna aliyekuwa mgeni ndani ya sala ile, kwa sababu haimtaji mtu wa dhehebu gani. Mama mmoja Mpokomo wa zamani alimwimbia mtoto wake alale, na leo nchi nzima inasimama wima kwa sauti yake. Tulitoa kitu chetu na hatukuandika jina juu yake. Labda ndiyo maana kimeingia kila mahali.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali zaidi. Wikendi ile nikachukua boda hadi kijijini kwa nyanya. Nyanya yangu ni Mkristo wa tangu utotoni, sisi Wapokomo wa chini tulipata wamishenari mapema, wa juu wengi ni Waislamu. Anasali kuliko padri. Lakini ukimtajia Ngadji, anashusha sauti.

Nikamwamkia, nikamsaidia kupepeta mchele, halafu nikamweleza yote: video, Ikulu, Minjila. Aliposikia nyumba kubwa njia panda, kila mtu aione, ungo ukasimama.

"Nani amekuambia inataka kuonwa?"

"Lakini nyanya, ni urithi wetu."

"Mjukuu wangu, mimi ni Mpokomo kuliko wewe. Mama yangu pia. Hakuna kati yetu ambaye angeiona. Ukisikia mlio, unaingia ndani, unafunga mlango. Sasa wewe unataka kuiweka steji ya magari?"

Nilitaka kumbishia. Mimi ni msichana wa 2025, nina mambo mengi ya kusema kuhusu vitu ambavyo wanaume wazee peke yao wanaviona. Na siku moja nitayasema. Lakini nilikaa na lile jibu usiku kucha, na asubuhi nikaona limenifungulia fundo lote.

Angalia. Ardhi ya umma maana yake ni kwamba ni yangu mimi, na yako, na ya rafiki yangu, sawasawa. Nina haki ya kuingia. Ngadji, ikiwa bado ni Ngadji, haina hiyo. Ina mlango, na mlango wake una watu wa kuingia na watu wa kubaki nje. Huo si ubaya, ndiyo tabia ya vitu vitakatifu. Msikiti una masharti yake, madhabahu ina masharti yake. Sasa ukikiweka kitu cha namna hiyo kwenye ardhi ya wote, lazima kimoja kife. Ama ardhi inaacha kuwa ya wote, kwa sababu mimi mwenye nchi naambiwa nisikaribie. Ama kitu kinaacha kuwa kitakatifu, kwa sababu kimefunguliwa mlango kila mtalii apige nacho selfi. Tungeitoa Ngadji kwenye ghala la London tukaiingiza kwenye ghala lenye vioo Minjila, tukapiga makofi.

Na kanisa la Ikulu ni vilevile. Mnajua utaratibu wa kuingia Ikulu. Huingii kwa sababu una dhambi za kuungama. Unaingia kwa sababu umealikwa. Kanisa ambalo mlango wake unalindwa na walinzi wa Rais, na walioketi ndani wanatazamana nani amekaa karibu na nani, hilo limepungukiwa ukanisa kabla ya kuipunguzia serikali chochote. Kwa hiyo siku hizi nikilipinga sisemi tena kwamba linaionea nchi tu. Nasema linalionea kanisa pia.

Basi Ngadji iende wapi? Hapa ndipo nilipofungua Katiba tena, safari hii nikasoma mbele ya kifungu cha 8. Nilifika cha 63. Pale inaeleza ardhi ya jamii ni ipi, na ndani yake inataja, kwa pamoja, misitu ya jamii, maeneo ya malisho na mahali pa matambiko. Soma tena. Malisho na matambiko, pumzi moja. Ng'ombe wa babu wa rafiki yangu na ngoma ya wazee wangu wamekaa mstari mmoja wa Katiba, na si kwenye ardhi ya serikali. Ni kwenye ardhi ya jamii.

Nikampigia saa ile ile. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa hiyo ndiyo video."

Lakini kuna mtego. Kifungu hicho hicho kinasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016, njia ya kusajili ipo. Wapi hapajasajiliwa, kaunti ndiyo inayoshika ufunguo, na watu wanazoea kusema "ni ya serikali", kama nilivyosema mimi pale kwenye chai. Tunaomba serikali itupe kitu ambacho sheria inasema tayari ni chetu, alichoshikiwa mtu mzima kama mtoto aliyeshikiwa pesa za sikukuu.

Kwa hiyo msimamo wangu mpya ni huu, na nauandika ili mnikamate nikiteleza tena.

Kanisa la Ikulu, bado hapana. Msalaba wa shule uliopo, ubaki, lakini usiongezwe mwingine, na msichana anayesimama mbele yake avae hijabu yake kwa amani. Ngadji, irudi, na irudi sasa, kwa sababu kuidai kutoka London ni suala la wizi, halihitaji mjadala wa dini. Ila ikirudi isipewe njia panda. Ipewe msitu wake, kwenye ardhi ya jamii iliyosajiliwa kwa jina la jamii, mipaka ikichorwa wakati jirani mfugaji amekaa pale mezani, na malka yake ikisajiliwa siku hiyo hiyo. Mimi sitaiona. Nimekubali. Nikisikia mlio nitaingia ndani nifunge mlango, halafu nitabishana na nyanya kuhusu hilo mpaka asubuhi.

Ile video ya Aprili sijaifuta. Nimeiacha, na chini yake nimeweka swali la rafiki yangu, kwa sababu ni bora kuliko chochote nilichosema mimi: hiyo ardhi unajua ni ya nani?

Nawe jiulize kwenu. Kuna kitu gani pale shuleni, ofisi ya chifu, au uwanjani, ambacho hujawahi kukiona kwa sababu ni chako? Usijibu haraka. Muulize kwanza aliyesimama nawe mstari mmoja.